Udara Isiyo na Mwenyewe

Kosa ni langu, na nalisema mapema ili msije mkalitafuta kwa mjukuu wangu. Mimi ndiye niliyemwambia Olanma achore udara, lile tunda tamu la mti wa uani kwetu.

Yeye alitaka chungwa. Alikuwa ameshashika kikapu, anakwenda soko la Nkwo kulinunua. Nikamwuliza, "Chungwa? Wenzako wangapi watapeleka chungwa?"

"Wengi, Bibi."

"Na ndizi?"

"Wengi zaidi."

"Basi nawe unakwenda kujipanga kwenye mstari wa machungwa. Wakutambue kwa lipi, kwa pua?"

Akacheka, akaweka kikapu chini. Laiti ningenyamaza. Lakini mimi kunyamaza sikufundishwa. Nilisoma mpaka darasa la sita tu, na somo hilo nadhani lilikuwa la darasa la saba.

Kazi yenyewe ilitoka chuo cha uchoraji kule mjini. Barua ilisema hivi: tunda moja, penseli tupu bila rangi, mchoro mmoja kila siku kwa siku ishirini na moja, kuonyesha tunda linavyobadilika. Siku ya ishirini na mbili mwombaji aje na michoro yote pamoja na tunda lenyewe, au kilichobaki. Chini kulikuwa na maneno yaliyopigiwa mstari: tunda liwe lile lile tangu mwanzo hadi mwisho, walimu watalinganisha.

Maneno hayo Olanma aliyajua kama sala. Mwaka uliopita alichora papai. Siku ya tisa mbuzi akalila, naye akachukua papai jingine kimyakimya akaendelea. Walimu walimkamata kwa doa moja lililohama kutoka kushoto kwenda kulia. Wakamrudisha nyumbani. Alilia siku mbili, mbuzi alinenepa.

Baba yake, mwanangu Ejike, yuko Onitsha, si mtu wa maneno mengi. Alipiga simu akasema, "Mama, mara hii ni ya mwisho. Wakimkataa tena, anakwenda Aba kwa shangazi yake kujifunza kushona sare za shule." Sare za shule si jambo baya, lazima mtu azishone. Lakini mimi nimemlea yule mtoto. Alipokuwa na miaka sita alichora mbuzi kwa mkaa kwenye ukuta wa jiko langu, na mpaka leo wageni wakiingia humwambia "Shii! Toka!" Mkono wa namna hiyo ukaufunge kwenye kola za wanafunzi?

Basi, udara. Mti wetu uko pale nyua zetu zinapokutana, na sheria yake tumeinyonya pamoja na maziwa. Udara haichumwi. Hupandi mti, hutikisi tawi, hurushi jiwe. Inaanguka yenyewe siku ikitaka, na ikianguka ni ya aliyeiokota, awe mtoto, awe mwizi, awe mke wa nani. Ikiwa juu ya mti haina mwenyewe. Mimi nayajua haya tangu sijaota meno, na sasa yamekwisha kung'oka nayajua bado. Lakini kichwani mwangu, sijui kwa nini, nilifikiri tunda ambalo mjukuu wangu analichora ni lake.

Alichagua udara ya tawi la chini, usawa wa macho yake, bado kijani kabisa. Ubavuni ilikuwa na mkwaruzo wa kahawia kama alama ya ukucha. "Huu ndio utakaoniokoa," akasema, "kwa huu hawawezi kusema nimebadilisha." Akaketi kwenye kigoda, ubao magotini, akachora siku ya kwanza, akachora ya pili. Mimi nilipitapita nyuma yake, naona tunda la kijani linakuwa tunda la kijivu, nasema, "Nzuri," kama mtu anayesifu mchuzi asioujua.

Siku ya tatu upepo mkavu wa Desemba, ule wa vumbi, ulivuma tangu alfajiri. Ukalizungusha tawi. Olanma alipokwenda kuketi akakuta udara saba zimekaa pamoja, zote kijani, zote duara, na ile yenye mkwaruzo haionekani. Nilimwona akisimama, akainama, akazunguka mti. Midomo imekuwa myeupe. Alipoipata ilikuwa imegeuza mgongo, mkwaruzo uko nyuma. Lakini asubuhi yote kazi haikwenda. Alifuta, akachora, akafuta, mpaka karatasi ikatoboka, ikabidi aanze upya.

Sasa bibi gani ataona hivyo akae? Alipoingia ndani kula, nikachukua uzi mwekundu kwenye kopo langu la kushonea, nikaufunga kwenye kikonyo cha udara yake. Fundo dogo tu, zuri. Nikarudi nyumbani najiona mwerevu.

Mwaona ninavyozeeka? Kwetu hufungi kitu juu ya mti ukasema ni urembo. Ukifunga jani changa la mnazi, ukifunga kitambaa, ukifunga uzi, umesema moja kati ya mawili: hiki ni changu, au hiki kina dawa, kiguse ufe.

Asubuhi ya siku ya nne tuliamshwa na sauti ya Mgbafor.

Mgbafor ni mke wa mdogo wa marehemu mume wangu. Uwanja wake na wangu umetengwa na ua wa miti tu. Tulikuwa hatusalimiani vizuri tangu alipoazima kinu changu akakirudisha kimepasuka, naye akasema kilikwenda hivyo hivyo. Hayo ni ya miaka kumi na minne iliyopita, lakini kinu kiko, na ufa uko.

"Nani amefunga dawa kwenye mti wa ukoo?" alikuwa akipiga kelele, ufagio mkononi. "Ajitokeze! Tuna watoto hapa! Tuna wake wenye mimba!"

Watu wakatoka na miswaki midomoni. Wakaitwa binti za ukoo, wale waliozaliwa hapa, ambao neno lao kwetu sisi tulioolewa ni kama fimbo. Mkubwa wao, Mama Oyidiya, akaja na mkongojo, nusu kiziwi, ana haraka kwa sababu ameacha mchuzi jikoni.

"Udenkwo," akaniambia, "uzi huu ni wako?"

"Ni wangu, Mama."

"Una dawa?"

"Una wenzake kwenye kopo, ukitaka nikushonee vifungo."

Watu wakacheka. Mgbafor hakucheka. "Mwulizeni kwa nini ameufunga!"

"Nimeufunga ili mtoto asilipoteze tunda lake."

"Mmesikia?" Mgbafor akageuka huku na huku kama mwuza dawa za minyoo. "Lake! Kasema lake! Udara ya mtini imepata mwenyewe leo! Kesho tutanunua hati ya kivuli!"

Mama Oyidiya akauliza, "Kasema nini?" Wakamrudia sikioni. Akatikisa kichwa. Nikaelezea habari ya chuo, barua, papai la mbuzi. Wengine walinihurumia, niliwaona. Lakini huruma haifungui uzi. Wakaamua: uzi utoke, nilete jogoo mmoja na kokwa za kola za kutafunwa na wazee, na tunda lirudi kwenye sheria yake. Likianguka, ni la atakayeliokota. Mama Oyidiya akaukata uzi kwa meno mawili aliyobakiza, akaenda kwenye mchuzi wake.

Jogoo si kitu. Ubaya ni kwamba kabla ya uzi wangu hakuna mtu aliyekuwa akiiona ile udara. Baada ya uzi, ukoo mzima uliijua. Watoto wakitoka kisimani walikuja kuiangalia kama bibi harusi. "Ni ile yenye mkwaruzo," wakaonyeshana. Na Mgbafor, kila akifagia, alianzia chini ya tawi lile na kumalizia chini ya tawi lile. Sehemu nyingine ya uwanja wake ilibaki na majani mpaka mwaka mpya.

Olanma hakunilaumu, na hilo ndilo lililoniumiza. Alianza kulinda. Kulipokucha yuko pale, jua likizama yuko pale. Alikula amesimama, kijiko mkononi, macho juu. Mtoto akipita na jiwe mkononi, rangi inamtoka. Ndege akitua, anasimama. Nilimwambia, "Utakonda kabla tunda halijaiva." Akasema, "Bibi, Aba kuna udara?" Nikasema, "Ipo." Akasema, "Basi nitakuwa nikiziona dirishani kwenye cherehani." Nikaenda kumenya mihogo ambayo haikuhitaji kumenywa.

Tunda nalo likawa linabadilika. Kijani kikafifia, njano ikaja, halafu ile rangi ya machungwa tunayoijua sote, inayowafanya watu wazima wameze mate. Nikamwuliza, "Penseli yako ni ya kijivu. Hiyo njano unaiwekaje?"

"Siiweki, Bibi. Lilipokuwa kijani lilikuwa zito, nikalitia kivuli kingi. Sasa linang'aa, kwa hiyo najizuia mkono. Naiacha karatasi ifanye kazi."

Nikaipanga michoro mkekani, wa tano, wa sita, mpaka wa kumi na moja, nikaona kweli, tunda linapata nuru. Lakini nikaona na jambo jingine. Kikonyo. Kila mchoro kikonyo kilikuwa kimepungua. Siku ya tano kilikuwa kama kidole cha mtoto mchanga, siku ya kumi na moja kama uzi wangu uleule, kikavu, kina mkunjo pale kinaposhikana na tunda. Mtini kwa macho yangu sikuwa nimeliona hilo.

"Hiki kinakonda," nikasema.

"Ndiyo, Bibi. Kinajiandaa kuachia."

"Lini?"

Akautazama mchoro, si mti. "Kesho."

Kesho ikafika, siku ya kumi na mbili. Alichora mapema sana, kabla jua halijatoka vizuri, akiogopa. Akamaliza. Akakaa. Nikaja kukaa naye. Tukangoja mpaka jua likawa juu. Haja ikambana, akajikaza, akajikaza, mwisho akasema, "Bibi, nakwenda chooni mara moja. Usiondoe macho."

Mwajua kilichotokea. Tunda lililongojewa siku kumi na mbili lilichagua dakika hiyo.

Tú! Hata sauti ilikuwa ndogo. Likaanguka, likabingirika kidogo, likatulia. Mimi nikainuka. Yaani, kichwa kikainuka, mikono ikainuka, magoti yakasema ngojeni kwanza tushauriane. Na upande wa pili nikamwona Mgbafor anaacha ufagio. Yule mwanamke ana miaka sabini na moja na kila Jumapili kanisani hushikwa mkono kupanda ngazi. Alikimbia kama aliyesikia harusini kuna nyama. Nilipomaliza kushauriana na magoti, yeye alikuwa ameshainama na ameshainuka.

"Imeniangukia mimi," akasema, akihema. Akaifuta vumbi kwenye kitenge. Akaiminya.

Olanma akatokea, bado anafunga kanga. Akaona mkono wa Mgbafor, akapiga magoti pale pale mchangani.

"Bibi Mgbafor, shikamoo. Nakuomba, usiile."

"Nani kasema naila? Mbona mnanisingizia na mdomo wangu haujafunguka?"

"Nipe basi, Bibi."

"Nikupe? Ikitoka mkononi mwangu si yangu tena. Sheria wameisema juzi, hamkusikia? Au ile ilikuwa ya jogoo tu?" Akanitazama mimi, si mtoto. "Nitaiweka kwangu. Atakuja kuchora kwangu. Lakini kuna mtu kwanza aseme mbele ya watu kwamba kinu kilikuwa kimepasuka kabla hakijanijia."

Watu walikuwa wameanza kukusanyika tena. Nikamtazama Olanma. Hakuniomba kitu. Alikuwa anatazama vidole vya Mgbafor vinavyominya.

"Kinu kilikuwa kimepasuka," nikasema.

"Kabla?"

"Kabla."

Mungu anisamehe. Kinu kilikuwa kizima kama yai.

Basi, kuanzia siku ile Olanma akawa anabeba ubao wake kwenda nyumba ya Mgbafor. Mimi nilikatazwa kuvuka mlango. Nikaweka kigoda changu nje, karibu kabisa na kizingiti, nikakaa hapo nachambua mbegu za maboga, sikio ndani. Udara iliwekwa kwenye sahani ya bati juu ya kabati, pembeni ya picha ya marehemu shemeji yangu, na ilionekana yule marehemu anaitaka.

Mgbafor alijua nimekaa pale, akaongea kwa sauti ya kunitosha.

"Leo nimeamka na hamu, Olanma. Hamu mbaya."

"Pole, Bibi."

"Pole haishibishi. Inanukia, hebu sikia inavyonukia. Ikinukia hivi, kesho haifiki." Kisha kimya, nikajua anaiminya. "Imelainika. Imekuwa kama shavu."

Mbegu zilinimwagika mara mbili. Kwa upande wa Olanma nilisikia penseli tu, kwa haraka, kama panya anayejua paka yuko wapi. Alirudi jioni ya siku ya kumi na nne hana rangi. "Bibi, anaiminya kila siku. Ikipasuka?" Nikamwambia haitapasuka, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeiona imepasuka mara tatu ndotoni.

Siku ya kumi na tano nikasikia Mgbafor ananyamaza ghafla. Kwangu kunyamaza kwake ni kama kengele. Nikachungulia. Alikuwa amesimama nyuma ya mtoto, shingo imenyooka, anatazama mchoro.

"Hiki ni nini hapa? Hiki kibonde."

"Ni kidole chako, Bibi. Ulipominya jana kilibaki."

"Kidole changu?"

"Ndiyo. Nachora kilichopo. Siwezi kukiacha, watalinganisha."

Mgbafor akakiweka kidole gumba chake juu ya karatasi, bila kuigusa, kikaingia sawasawa. "Walimu wa mjini watakiona?"

"Watakiona."

Tangu hapo hakuminya tena. Siku ya kumi na sita nilikuta ameifunika kwa kawa kuzuia nzi. Siku ya kumi na saba alimfukuza kuku kwa matusi ambayo kuku hakustahili. Ngozi ya tunda ilikuwa imeanza kukunjamana kwa mistari midogo, na nikamsikia akimwambia mtoto, "Na hii mikunjo usinipunguzie. Nimeihesabu." Nikaona wivu kidogo. Mimi niliyeanza haya yote sikuwa hata na kidole ndani ya mchoro.

Hofu ikapungua, na hapo ndipo tulipokosea. Jioni ile alifika Adaku, mke wa mwanawe Mgbafor, kutoka Onitsha, mimba ya miezi minane mbele kama ngoma. Katika kupokea mizigo na kuandaa chakula, hakuna aliyekumbuka kumwambia kitu kuhusu tunda la kwenye kabati. Na wewe niambie, mwanamke mwenye mimba aamke asubuhi, akute udara imeiva kwenye sahani nyumbani kwa mama mkwe wake, atafikiri nini? Atafikiri amewekewa. Atafikiri, nimeolewa na watu wema.

Siku ya kumi na nane mimi na Olanma tulikuwa tunafika mlangoni tuliposikia kelele. Alikuwa ni Mgbafor.

"Itemeee!"

Nikasahau katazo, nikaingia mbio, safari hii magoti hayakutaka ushauri. Adaku alikuwa amesimama katikati ya chumba, udara mdomoni, utomvu mweupe unamtiririka kidevuni, macho yamemtoka. Ilikuwa imeumwa kubwa, robo nzima imekwenda. Mgbafor alikuwa ameinua mkono kumpokonya, mkono ukasimama hewani. Hupokonyi chakula kinywani mwa mwenye mimba. Hata Mgbafor.

"Mama, nimefanya nini?" Adaku akauliza, na midomo tayari inaanza kugandana kwa ule utomvu.

Sote tulimtazama Olanma.

Alikuwa kizingitini, ubao umemning'inia mkononi. Uso ulikuwa ule wa siku ya upepo, midomo myeupe. Niliziona sare za Aba zimepangwa mpaka darini, bluu na nyeupe, bluu na nyeupe.

"Shangazi Adaku," akasema Olanma, polepole, "usimeze. Yaani, meza iliyomo. Lakini usiume tena. Kaa hapo kitini. Mkono ubaki hivyo hivyo."

"Unafanya nini?" nikamwuliza.

"Barua inasema tunda likibadilika. Hili limebadilika." Penseli alikuwa ameshaitoa. "Watasema nimeharibu. Watasema lilitakiwa lioze."

"Udara ioze!" Mgbafor akasema. "Iozee wapi, ukoo huu?"

"Kuoza ni kazi ya machungwa," nikasema. Tukatazamana mimi na yeye, tukakumbuka hatusemezani, tukageuza shingo.

Alichora kwa muda mrefu sana. Sehemu iliyoumwa ilikuwa na nyota ndani, kama zilivyo udara zote, vyumba vitano na mbegu nyeusi imekaa katika kila kimoja. Adaku alikaa midomo imegandana, hawezi kucheka wala kulalamika, anakoroma tu puani. Mkono ulipoanza kumchoka ukashuka kidogo, Olanma akashtuka, "Shangazi!", na Mgbafor akaja akakishika kiwiko kwa chini, akakishikilia. Akakishikilia mpaka mwisho. Kwa hiyo mchoro wa kumi na nane si wa tunda peke yake. Kuna tunda lililoumwa, kuna vidole vya Adaku vyenye utomvu, na chini pembeni kuna mkono wa mzee, mishipa juu, umebeba.

Adaku aliruhusiwa kuuma mara mbili zaidi, kwa masharti. Siku ya kumi na tisa Olanma alichora nusu iliyobaki, imejilegeza kwenye sahani. Kisha Adaku akaimaliza huku akitazamwa na watu watatu, akasema hajawahi kula tunda kwa hofu namna ile. Siku ya ishirini yalikuwa maganda, yamekauka yakajikunja, mkwaruzo wa ukucha bado upo pale ubavuni, asante Mungu. Siku ya ishirini na moja zilibaki mbegu.

Zilikuwa nne.

Olanma akahesabu tena. Akainua sahani. Akapiga magoti, akatazama chini ya kabati. "Zilikuwa tano. Nimechora vyumba vitano. Shangazi, umemeza?"

"Sijameza! Niliziweka zote hapo, naapa."

Tukatafuta. Tukapekua mkeka, tukamkagua kuku. Olanma alikuwa akirudia kwa sauti ndogo, watalinganisha, watalinganisha. Mtu mmoja tu hakuwa akitafuta. Nikamtazama Mgbafor, nikalitazama fundo la pembe ya kitenge chake, pale wanawake tunapoficha vitu vyetu.

"Fungua," nikamwambia.

"Sifungui."

"Mgbafor."

"Nimeacha achore. Nimeacha mke wa mwanangu ale kwa kipimo kama mgonjwa. Nimeshika kiwiko mpaka leo bega linauma. Na mimi nisibaki hata na mbegu? Mtoto wa Adaku akizaliwa atachezea nini? Nani aliyeiokota?"

Nilitaka kumwendea. Nilikuwa na kinu kizima cha maneno cha kumtwanga nacho. Lakini Olanma aliinuka, akapangusa magoti.

"Ni yake, Bibi," akaniambia. "Iache." Akaketi, akachora mbegu nne zimepangwa kwa duara, na mahali pa tano akapaacha karatasi tupu.

Kesho yake akaenda mjini na michoro ndani ya bahasha kubwa, maganda kwenye karatasi, mbegu nne kwenye kiberiti kitupu. Mimi nilifagia uwanja mara tatu. Mgbafor akaja kwenye ua.

"Ameshafika?"

"Sijui."

"Atakuwa ameshafika."

Baada ya muda, "Watakuwa wamefikia kidole changu?"

"Sijui, Mgbafor."

Akaondoka, akarudi, akaondoka. Alirudi kama mara saba.

Olanma alifika jua likielekea kuzama, vumbi mpaka kwenye kope. Walimu watatu, akasema, wakaitandaza michoro yote kwenye meza ndefu. Mwanamke mwenye miwani akaufuata mkwaruzo kwa ncha ya kalamu kutoka wa kwanza hadi wa ishirini, akachukua ganda, akaulinganisha. Akaitikia kwa kichwa. Halafu akahesabu mbegu.

"'Hapa kuna vyumba vitano,' akasema. 'Ya tano iko wapi?' Bibi, niliona papai lote likirudi."

"Ukasemaje?"

"Nikasema, iko kwenye fundo la kitenge cha aliyeiokota. Akaniuliza kwa nini sikuichukua. Nikasema si yangu."

"Wakacheka?"

"Hakuna aliyecheka. Waliandika."

Waliandika! Nilikaa na neno hilo wiki mbili. Mtu anaweza kuandika lolote. Katikati ya wiki hizo kikaja kifurushi kutoka kwa Ejike, ndani yake mkasi mpya wa kushonea, mkubwa, umefungwa kwa karatasi ya mafuta. Olanma aliuweka mezani, hakuufungua. Tulikula pembeni yake siku tano kama tunakula na polisi.

Ujumbe ulikuja siku ya soko la Eke, asubuhi, sisi wote tuko nje. Simu ikalia, Olanma akasoma, akasimama tu. Akanipa mimi. Sina miwani. Kwa fadhaa nikampitishia Mgbafor, aliyekuwa upande wa pili wa ua, naye kusoma hajui hata herufi moja. Akaishika simu, lakini macho yake yalikuwa kwa mtoto, muda mrefu.

"Wamemchukua," akasema.

"Umejuaje wewe?"

"Kwani nimesema nasoma simu?"

Na ni kweli walimchukua. Sare za Aba zitashonwa na wengine. Nikauchukua ule mkasi, nikaufungua karatasi, nikaupitishia Mgbafor juu ya ua. "Azima. Kitenge chako kimechakaa pale kwenye fundo. Lakini urudishe kama ulivyokwenda."

Akafungua mdomo kunijibu, na nilijua jibu linakuja, nilikuwa nimeshajipanga. Ndipo nyuma yetu, pale mtini, tukasikia: tú!

Tukageuka wote wawili. Mimi nilikuwa karibu zaidi. Lakini yeye alikuwa ameshavua ndala.